Mwalimu, Teka Maji Chanzoni
Kijitabu cha elimu kwa walimu wa Songea kuhusu wingi wa taarifa za mtandaoni

Kwa nini kijitabu hiki

Zamani mwalimu alilalamikia uhaba: kitabu kimoja kwa dawati zima, waraka uliofika tarehe yake ikiwa imeshapita. Leo shida imegeuka. Baada ya Sensa ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumika kuhesabu watu viligawiwa kwa walimu. Mwaka 2024 mtaala ulioboreshwa ukaanza kutekelezwa, na mihtasari, maazimio ya kazi na maandalio ya somo yakaanza kumiminika kwenye magrupu ya WhatsApp: grupu la shule, la kata, la somo, la wazazi.

Ukishindwa kusoma yote, si uvivu. Mtaka yote kwa pupa hukosa yote. Kazi yako ni kuchagua.

Mto Ruvuma unaanzia Milima ya Matogoro, jirani kabisa na mji wetu. Anayeteka kule juu hupata maji safi. Kadiri mto unavyoshuka ndivyo unavyozoa tope. Ujumbe unaopita grupu hadi grupu nao huzoa tope: tarehe inabadilika, ukurasa unapotea, neno linaongezwa.

Hatua ya 1: Ainisha kabla ya kusoma

Kila ujumbe ni mojawapo ya haya matatu:
- Agizo: lina mtoaji, kazi na tarehe ya mwisho. Lishughulikie au liandike kwenye shajara yako.
- Nyenzo: muhtasari, notsi, mitihani ya majaribio. Hifadhi, usome kwa wakati wake.
- Soga: salamu, picha, mijadala. Inaweza kusubiri.

Hatua ya 2: Rudi kwenye chanzo

Vitabu vya kiada vinasomwa bure katika Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET). Ratiba, fomati za mitihani na matokeo hutolewa na Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA). Anwani za tovuti za serikali huishia na .go.tz.

Chanzo si lazima kiwe mtandaoni. Mwalimu wa Historia anayepokea notsi kumi za Vita vya Majimaji, kila moja na tarehe zake, anaweza kuwapeleka wanafunzi Makumbusho ya Majimaji hapa hapa Songea, wakasome habari za Nduna Songea Mbano na wenzake walionyongwa mwaka 1906. Asubuhi moja pale ina faida kuliko mafaili yasiyo na mwandishi.

Hatua ya 3: Simu iwe na saa zake

- Fungua magrupu mara mbili kwa siku: kabla ya vipindi na baada ya vipindi.
- Nyamazisha milio ya magrupu yote, isipokuwa lile la maagizo ya shule.
- Zima upakuaji wa picha na video unaojiendesha wenyewe. Bando lako litadumu.
- Tenga siku moja ya wiki kwa kujaza PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji kazi wa watumishi wa umma, usikimbizane nao usiku wa mwisho.

Hatua ya 4: Faili liwe na jina

"Andalio mpya mpya 2" halitapatikana mwezi ujao. Andika mwaka, somo, darasa na wiki: *2025 Kiswahili Kidato II Wiki 6*. Kila mwisho wa muhula, futa usichokitumia.

Hatua ya 5: Gawaneni mzigo

Jumuiya ya kujifunza ya shule, iliyo sehemu ya Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini (MEWAKA), inafaa sana hapa. Kila mwalimu asome waraka mmoja na kuwaeleza wenzake kwa dakika kumi. Walimu sita watakuwa wamefahamu nyaraka sita.

Hatua ya 6: Fikiri kabla ya kusambaza

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamtia hatiani anayechapisha taarifa akijua ni za uongo, kwa nia ya kupotosha. Ukiletewa karatasi inayodaiwa kuwa ya mtihani uliovuja, usiisambaze. Mweleze mkuu wa shule mara moja. Picha, alama na habari za afya za wanafunzi zisirushwe ovyo: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahesabu taarifa za watoto kuwa nyeti.

Kwa wakuu wa shule

Wekeni grupu moja la maagizo, lisilo na mijadala. Kila agizo liseme nani, afanye nini, lini. Bandikeni nakala kwenye ubao wa matangazo, kwa ajili ya asiye na bando siku hiyo. Na jioni muwaachie walimu wapumzike.

Anza Jumatatu

Usizibebe hatua zote sita kwa mara moja. Anza na kunyamazisha milio, wiki inayofuata panga mafaili. Nusu saa utakayookoa ipeleke kwenye madaftari yaliyorundikana mezani, na kwa yule mtoto wa dawati la nyuma ambaye tangu asubuhi anangoja umwite jina.