Shika kaye: vidokezo kwa sekretere wa kikundi

Huku Epulu, katika Ituri, wavulana waliotahiriwa pamoja katika jando la nkumbi huitana kare. Mtoto wa kambi ya Wambuti msituni na mtoto wa kijiji cha Wabira barabarani wanabaki ndugu mpaka kifo, bila karatasi yoyote. Kovu linatosha.

Udugu wa kikundi cha akiba na kusaidiana hauna kovu. Mmekusanyika watu 25 kutoka Mambasa, Komanda, Beni, Isiro. Huyu anauza vitenge, yule ni mlinzi wa Hifadhi ya Okapi, mwingine analima mihogo. Kinachowafunga ni kaye, yaani daftari la kikundi, na mwenye kuishika ni sekretere. Nimeifanya kazi hiyo mizunguko sita, na haya ndiyo ningependa mtu angeniambia siku ya kwanza.

1. Andika hapohapo. Usiseme utaandika usiku nyumbani. Usiku kuna mtoto mwenye homa, kuna taa iliyokwisha chaji, na asubuhi hujui tena kama Mama fulani alinunua hisa tatu au nne. Wakikuharakisha, waambie wangoje. Watangoja.

2. Andika maneno yaliyosemwa, kwa lugha iliyosemwa. Wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba peve, yaani muhtasari wa mkutano, ni ya Kifaransa, basi tunasikia Kiswahili na kuandika Kifaransa. Hapo ndipo ugomvi unapozaliwa. Mama mmoja alisema, “Nitalipa nikitoa mihogo mtoni.” Kila aliyekuwepo alielewa: mihogo imelowekwa, siku nne au tano iko tayari, kisha ianikwe, itwangwe, iuzwe. Mimi nikaandika kwa Kifaransa changu kizuri kwamba atalipa hivi karibuni. Baada ya mwezi watu walibishana “hivi karibuni” ni lini, na yule mama aliona aibu bure kwa ahadi ambayo hakuitoa. Tangu siku ile naandika mihogo, naandika mto.

3. Namba iandike mara mbili, kwa tarakimu na kwa maneno. Alama 1 inageuka 7 kwa mkwaruzo mmoja wa biki, lakini “elfu kumi” haigeuki “elfu sabini”. Na kwa kuwa huku tunashika franka na dola pamoja, andika pia dola ilibadilishwa kwa franka ngapi siku ile. Aliyekopa dola 20 mwezi wa pili na kulipa kwa franka mwezi wa tano atataka kujua, na ana haki.

4. Soma kwa sauti kabla watu hawajainuka. Mtindo wetu wa AVEC (chama cha kijiji cha akiba na mikopo), wa sanduku na hisa, ulianzia Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, pale shirika la CARE lilipofanya kazi na wanawake ambao wengi hawakusoma. Wao walihifadhi hesabu kichwani, wote pamoja. Desturi hiyo isife kwa sababu sasa kuna sekretere. Mwisho wa kila mkutano taja kilichobaki sandukuni, wanachama warudie. Mkutano unaofuata uanze kwa kuwauliza wao, si kwa kufungua kaye. Asiyejua kusoma hukumbuka vizuri kuliko mimi, na mara mbili amenisahihisha mtu wa namna hiyo. Usiudhike. Sahihisha mstari mbele ya wote, usifute: kata kwa mstari mmoja ili namba ya kwanza ionekane, andika ya pili kando, tia sahihi.

5. Usiguse funguo. Sanduku lina kufuli tatu na washika funguo watatu, na hakuna kati yao aliye prezida, sekretere wala mtunza fedha. Mwenye kalamu asishike pesa. Hata ndugu yako akikuomba umhifadhie ufunguo kwa siku moja tu, kataa.

6. Kaye iwe mbili, katika nyumba mbili zisizopakana. Hili naliandika kwa uzito. Jumapili tarehe 24 mwezi wa 6, 2012, waasi wa Mai-Mai Simba wakiongozwa na Morgan walivamia makao makuu ya Hifadhi hapa Epulu. Watu waliuawa, majengo yakachomwa, okapi 14 waliotunzwa hapo wakaangamia, na wakaaji wakakimbilia msituni na Mambasa. Nani anakumbuka kubeba kaye huku amebeba mtoto? Vita havikuanza siku ile, na Ituri tunajua kukimbia tangu zamani. Watu wakirudi, nyumba inaweza kujengwa upya kwa miti na udongo, lakini ni nani aliyeweka kiasi gani? Hapo wajane ndio wanaopoteza, maana marehemu ndiye aliyejua. Basi nakili kila ukurasa mpya kwenye kaye ya pili wiki ileile. Ifunge kwa sashe mbili za plastiki, kwa sababu mvua ya huku haihitaji vita ili kuharibu karatasi. Kama simu yako ina kamera, piga picha na umtumie mwanachama aliye Bunia.

7. Kwenye matanga, andika kazi ya mikono pia. Orodha ya msaada huwa ya franka, mchele na makala. Ongeza aliyechota maji, aliyelala na wafiwa, aliyechimba kaburi. Asiyekuwa na pesa mwezi ule naye alichangia, na zamu yake ikifika kikundi kijue. Deni la mfiwa lisitajwe matangani, hata kwa kunong'ona.

8. Linda siri. Sokoni hujui nani anadaiwa.

9. Anayehama mpe barua. Zamani, vyama vya ngoma ya beni vya pwani ya Afrika Mashariki, Marini na Arinoti, vilienea mji hadi mji, na mwanachama msafiri alipata wenzake wa kumpokea ugenini. Sisi tunahama kuliko wao. Anayekwenda Bunia au Kisangani aondoke na karatasi moja: alikuwa nasi kuanzia lini, alinunua hisa ngapi, hana deni, ni mtu wa kuaminika. Sahihi tatu, ya prezida, ya mtunza fedha na yako. Nimeona barua kama hiyo ikimfungulia mtu mlango kwenye kikundi kipya, wiki ya kwanza tu.

10. Zijue karatasi za serikali. Mkitaka kutambuliwa kama chama kisicho cha faida, sheria ya Kongo ni namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001. Mtahitaji kanuni zilizoandikwa na orodha ya wanachama wenye sahihi. Sekretere aliyeandika vizuri tangu mwanzo hana haja ya kutunga historia upya.

11. Ukiondoka, kabidhi kwa kusoma. Usiwape wenzako kaye mlangoni na kwenda zako. Kaa na anayekufuata jioni nzima, ukurasa kwa ukurasa, umweleze kila mkato na kila alama yako. Chora mstari chini ya ingizo la mwisho, mtie sahihi wote wawili. Sisi tumefanya hivyo mwezi uliopita. Aliyepokea ni binti wa kambi ya Wambuti aliyemaliza shule hapahapa. Kaka yake na mdogo wangu ni kare. Jumapili iliyofuata aliandika tarehe, kisha: “Mvua kubwa. Tuko 23. Wawili wamekwama upande wa pili wa daraja, hisa zao zimeletwa na jirani.” Akasoma kwa sauti, na jirani akasema ndiyo.