Mkiwa au Mpweke?

Mkiwa ni mtu aliyefiwa au kuachwa. Mpweke aweza kuwa amejitenga mwenyewe. Sasa tumtazame Karp Lykov wa Urusi. Mwaka wa 1936 nduguye aliuawa kwa risasi, naye akatorokea misitu ya Siberia na mkewe na watoto wawili. Wanajiolojia walipowapata 1978, hata Vita vya Pili vya Dunia hawakuvijua!

Msidhani ilikuwa raha. Theluji ya Juni 1961 iliua mimea. Mama, Akulina, akafa njaa akiwaachia watoto chakula. Ikachipuka punje moja tu ya nafaka. Wakailinda usiku na mchana isiliwe na panya, wakavuna punje 18, wakaanza upya.

Baba alipofariki 1988, alisalia binti, Agafia, akakataa kuhama. Haya, huyu tumwiteje?