Mwana wa Mtambo

Huulizwa: Je, yafaa watu wa nyumba kumpenda mwana wa mtambo? Suala hili si la ndoto. Huko Japani, Sony iliacha kuunda mbwa wa mtambo, Aibo, mwaka 2006, ikaacha kuwatengeneza mwaka 2014. Wenyewe wakawafanyia matanga hekaluni. Tangu 2019 huuzwa huko Lovot, mtambo wenye joto kama la kiumbe, huinua mikono upakatwe. Si ajabu kesho ukabisha hodi hata mtaa wa Dallas, Embu.

Kupenda peke yake si dhambi. Bibi Aisha (r.a.) alikuwa na wanasesere, na kati yao farasi mwenye mbawa, Mtume (s.a.w.) alipoelezwa habari ya farasi huyo alicheka, wala hakukataza. Lakini mtambo hauoni njaa, wala hauna nasaba. Hata Zaid bin Haritha, kipenzi cha Mtume, alirudishiwa jina la babake (Sura ya 33, aya ya 5).

Basi aliyekosa mtoto na atazame kafala: kumlea yatima pasipo kumbadili nasaba. Sheria ya Watoto ya Kenya ya 2022 imeitambua. Mtoto huyo harithi. Mlezi amwandikie wasia, usiozidi thuluthi ya mali yake.