Mstari Mwekundu wa Kideri

Kuku akipinda shingo, akiharisha kijani na kuvuta pumzi kwa taabu, mfugaji wa Garissa husema ni kideri. Mara nyingi hakosei. Tatizo ni kwamba homa ya ndege nayo huweza kuanza hivyo hivyo, na Januari 2017 ilithibitishwa kwa jirani zetu Uganda. Maabara kuu ya mifugo iko Kabete, safari ya zaidi ya kilomita 350. Majibu yakirudi, banda huenda limeshabaki tupu.

Hapo ndipo kipimo cha haraka cha kideri, kinachofanya kazi kama kile cha malaria, kinaposaidia. Kama uliwahi kupimwa malaria ukaona mstari mwekundu, huenda uliiona dhahabu bila kujua. Chembe zake huwa za nanomita 40 hivi, na milimita moja ina nanomita milioni moja. Dhahabu ikiwa ndogo kiasi hicho haing'ai, huwa nyekundu. Chembe hizo huvikwa kingamwili zinazonasa virusi. Virusi vikiwepo, chembe zinarundikana penye mstari wa pili, nao unaonekana kwa macho, bila umeme wala mashine.

Adui wa kwanza ni jua letu. Vipimo vingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 30, na mchana wa Garissa huweza kupita 35. Usikiache kipimo ndani ya gari. Kikitoka kwenye friji, kiache kwanza kivulini kabla ya kukitumia.

Mwombe ofisa wa mifugo achukue sampuli kwa kijiti cha pamba, kooni na kwenye tundu la haja, kutoka kwa kuku mgonjwa wa leo, si mzoga wa juzi. Mstari wa kwanza, wa C, unaoonyesha kwamba kipimo kinafanya kazi, usipotokea, kipimo kimeharibika, tupa. Ukitokea peke yake, usishangilie: virusi vikiwa vichache havionekani, kwa hiyo sampuli bado iende maabara. Na kama kuku walitiwa chanjo hai siku chache zilizopita, kipimo kinaweza kuonyesha virusi vya chanjo yenyewe.

Usingoje jibu kutenga wagonjwa, kusitisha mauzo na kuzika mizoga kwenye shimo lenye kina. Kideri hakina dawa. Waliobaki wazima wakinge kwa chanjo ya I-2, inayovumilia joto kuliko nyingi: tone moja jichoni, kisha rudia kila baada ya miezi 3 au 4.