Kuishi kwa Kiasi Katika Mji wa Gharama: Somo kwa Wakaao London

Miongoni mwa mambo yanayompata kijana atokaye Afrika ya Mashariki kwenda Ulaya kwa masomo au kazi, hakuna linalomshtua upesi kuliko bei za vitu. Aliyezoea kuishi wiki nzima kwa fedha fulani huona fedha hiyo hiyo ikiisha kwa siku moja. Tena nyumbani amewaacha watu wanaomtazamia: mzazi aliyeuza shamba ili apatikane nauli, na wadogo zake wanaongoja ada ya shule. Basi suala la kubana matumizi kwake si la tabia tu, bali ni suala la amana. Katika somo hili tutautazama mji wa London, ambao ni miongoni mwa miji ya gharama kubwa duniani, na ambamo wasemaji wa Kiswahili si wachache.

Msingi wa jambo

Kabla ya hesabu za pauni yafaa tuuelewe msingi. Kurani Tukufu, katika Sura Al-Furqan, inapowasifu watumishi wa Rahmani inataja kuwa hao watumiapo mali hawafanyi ubadhirifu wala ubakhili, bali hushika njia iliyo baina ya hayo mawili. Na katika Sura Bani Israil tumekatazwa kuufunga mkono shingoni, na pia tumekatazwa kuukunjua wote. Kwa hiyo makosa ni mawili, wala si moja. Mbadhirifu amekosea, na yule anayejinyima chakula mpaka akaugua, ili tu aone tarakimu zikiongezeka benki, naye amekosea.

Mwaka 1934 Hadhrat Mirza Bashir-ud-Din Mahmud Ahmad, Khalifa wa Pili, alipoanzisha Tahrik-i-Jadid, aliwataka wanajumuiya waishi maisha sahili: wale mchuzi wa aina moja na wajiepushe na mapambo yasiyo ya lazima, ili kinachobaki kitumike kwa kazi yenye manufaa. Hapo ndipo tofauti ilipo baina ya kubana matumizi na uchoyo. Mwenye kubana matumizi anajua fedha aliyoiokoa inakwenda wapi, lakini mchoyo hajui.

Hesabu kwa fedha ya mahali ulipo

Kosa la kwanza la mgeni ni kugeuza kila bei kuwa shilingi. Akifanya hivyo, mkate humwonea ghali hata akalala na njaa. Kisha siku ya mshahara hujiona tajiri, kwa kuwa mamia ya pauni yakigeuzwa shilingi huwa fedha nyingi. Na jamaa walioko nyumbani hufanya hesabu hiyo hiyo ya pili, wakadhani ndugu yao anaogelea katika mali.

Tuchukue mfano. Kuanzia Aprili 2025 mshahara wa chini wa kisheria kwa mtu mwenye umri wa miaka 21 na zaidi uliwekwa kuwa pauni 12.21 kwa saa. Afanyaye kazi saa 37 na nusu kwa wiki kwa kiwango hicho hupata kama pauni 1,984 kwa mwezi. Lakini fedha hiyo haimfikii yote. Mapato yanayozidi pauni 12,570 kwa mwaka hutozwa kodi ya asilimia 20, na pia hukatwa mchango wa bima ya taifa wa asilimia 8. Kinachomfikia mkononi ni kama pauni 1,720. Tuseme chumba chake pamoja na umeme ni pauni 900. Hapo zimebaki 820 za chakula, nauli, simu, mavazi, msaada wa nyumbani na akiba. Hesabu hii ingefaa kuelezwa nyumbani waziwazi, kwani ndugu wakijua ukweli huomba kwa kiasi, na anayetuma hutuma bila kukopa.

Mwanafunzi naye ana mpaka wake. Serikali ya Uingereza humtaka aonyeshe kuwa anazo fedha za kujikimu kabla ya kupewa viza. Kwa anayesoma London kiwango hicho kilikuwa pauni 1,483 kwa mwezi kuanzia Januari 2025, yaani pauni 13,347 kwa miezi tisa, na baadaye mwaka huo huo kikapandishwa tena. Mwanafunzi wa shahada kwa kawaida haruhusiwi kufanya kazi zaidi ya saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Anayekwenda akitegemea kuwa kazi itamlipia kila kitu amejenga nyumba juu ya mchanga.

Makazi

Fungu kubwa kuliko yote ni kodi ya pango. Anayeokoa senti katika chumvi na huku akapoteza mamia katika nyumba hakuokoa kitu. Kwa hiyo watu wengi hupanga chumba kimoja katika nyumba ya watu kadhaa, wakitumia jiko pamoja, na hukaa mbali na katikati ya mji. Hapa lazima uangalie nauli pia. Chumba cha bei nafuu kilicho mbali sana chaweza kuwa ghali baada ya kujumlisha safari za kila siku.

Yafaa mpangaji aijue sheria. Tangu Juni 2019, katika Uingereza yenyewe, mwenye nyumba haruhusiwi kudai amana inayozidi kodi ya wiki tano, pale ambapo kodi ya mwaka ni chini ya pauni 50,000, wala haruhusiwi kumtoza mpangaji ada za kuandika mkataba. Amana ya mpangaji wa kawaida inapaswa kuwekwa katika mpango unaotambuliwa na serikali ndani ya siku 30. Lakini anayepewa chumba ndani ya nyumba anamokaa mwenye nyumba mwenyewe hana ulinzi huo wa amana, na imempasa awe mwangalifu zaidi. Usilipe fedha kwa chumba usichokiona; wengi wameibiwa kwa njia hiyo.

Iko pia kodi ya halmashauri ya mtaa. Nyumba inayokaliwa na wanafunzi wa muda wote peke yao haidaiwi kodi hiyo, na mtu mzima akaaye peke yake hupunguziwa asilimia 25. Lakini sharti uombe. Asiyeomba hulipa yote.

Safari

Basi ni nafuu kuliko treni. Mwaka 2023 nauli ya basi London ilipandishwa ikawa pauni 1.75. Tangu mwaka 2018 upo utaratibu ambao kwa huo abiria akisha kulipa safari ya kwanza, mabasi mengine anayopanda ndani ya saa moja hayamtozi tena. Mabasi hayo hayapokei fedha taslimu tangu mwaka 2014. Hulipwa kwa kadi. Anayetumia kadi moja siku nzima huwekewa kikomo cha malipo, bali anayebadilisha kadi huhesabiwa kama watu wawili. Kwa treni za chini ya ardhi, nauli hupanda siku za kazi kuanzia saa 12.30 hadi saa 3.30 asubuhi, na saa 10 alasiri hadi saa 1 usiku. Mwenye hiari ya wakati na asafiri nje ya saa hizo.

Tazama jinsi mambo madogo yanavyolingana. Kwa nauli hiyo ya mwaka 2023, safari mbili za basi kila siku ya kazi ni pauni 3.50, kwa siku 22 ni pauni 77. Na anayenunua kikombe kimoja cha kahawa kwa pauni 3.50 kila siku ya kazi naye ametoa pauni 77 kwa mwezi, yaani pauni 924 kwa mwaka. Wa kwanza amefika kazini. Wa pili angaliweza kuchukua chai yake katika chupa kutoka nyumbani.

Chakula na mavazi

Kupika ndiyo nguzo. Mchele wa gunia, maharage, dengu, unga na viazi hununuliwa kwa wingi kwa bei nafuu kuliko vya pakiti ndogo. Masoko ya mitaani, kama lile la Ridley Road huko Dalston, na yale ya Brixton na Whitechapel, huuza mboga na matunda kwa bakuli, na ndimo upatikanapo muhogo, ndizi za kupika na bamia. Maduka makubwa hubandika vibandiko vya bei iliyopunguzwa jioni juu ya vyakula vinavyokaribia mwisho wa muda wake.

Hapa pana jambo la kujifunza. Pakiti huandikwa tarehe za namna mbili. Ya kwanza ni ya usalama: ikipita, chakula hicho kisiliwe, hata kama hakinuki. Ya pili ni ya ubora tu: ikipita, chakula chaweza kupungua ladha, lakini kwa kawaida hakidhuru. Asiyejua tofauti hiyo ama hutupa chakula kizuri ama hula kitakachomwuguza. Na maji ya bomba ya London ni salama kunywa, kwa hiyo hakuna haja ya kununua ya chupa.

Nguo nzuri hupatikana katika maduka ya hisani, ambayo huuza vitu vilivyotolewa na watu kwa ajili ya kazi za ihsani. Aliyezoea mitumba hatapata taabu kuyaelewa. Lakini koti la baridi na viatu visivyopitisha maji usivifanyie mzaha, kwani kiatu hafifu kinunuliwacho mara tatu kwa mwaka ni ghali kuliko kimoja imara.

Baridi na afya

Wako wanaozima joto la nyumba kabisa ili waokoe fedha. Hili ni kosa la upande wa pili tuliloonya hapo juu. Wakuu wa afya wa nchi ile hushauri joto la chumba lisiwe chini ya nyuzi 18, hasa kwa wazee na wagonjwa. Pasha joto chumba unachokitumia, vaa nguo za kutosha, na fungua dirisha kidogo baada ya kupika au kuoga ili ukungu usiote ukutani.

Kadhalika mwenye viza ya zaidi ya miezi sita kwa kawaida amelipishwa ada ya afya. Kuanzia Februari 2024 ada hiyo ni pauni 776 kwa mwaka kwa mwanafunzi na pauni 1,035 kwa mtu mzima mwingine. Aliyekwisha kulipa na ajiandikishe kwa daktari wa mtaa mara afikapo, asiache haki yake mpaka augue.

Deni

Wahenga walisema, kukopa harusi, kulipa matanga. Mtume Mtukufu (s.a.w.) alikuwa akimwomba Mwenyezi Mungu amkinge na mzigo wa deni. Huko London mkopo wa haraka hupatikana kwa simu ndani ya dakika chache. Tangu Januari 2015 sheria imeweka kikomo kuwa riba na ada zake zisizidi asilimia 0.8 kwa siku. Hata hivyo, mtu akikopa pauni 200 kwa siku 30 kwa kiwango hicho hulipa pauni 48 zaidi. Huo ni karibu wiki moja ya chakula kwa mtu mwenye kiasi. Mara nyingi mkopo huo huchukuliwa kwa haya tu: mtu ameona aibu kuwaambia wa nyumbani kwamba mwezi huu hana. Ndugu msomaji, aibu ya siku moja ni nyepesi kuliko riba ya mwaka.

Anayetuma fedha nyumbani naye apime ada na kiwango cha ubadilishaji vyote viwili. Wengine hutangaza kuwa hawatozi ada, kumbe wamechukua faida yao katika kiwango. Swali la kuuliza ni moja: nikitoa pauni 100, atapokea shilingi ngapi?

Daftari

Yote tuliyoyataja hayatasimama bila kuandika. Mali bila daftari hupotea bila habari. Andika kila siku ulichotoa, hata kikiwa kidogo. Siku ya mshahara tenga kwanza kodi ya pango, kisha nauli na chakula, kisha fungu la nyumbani, kisha akiba, japo pauni 20. Anayengoja kuweka akiba kwa kitakachobaki haoni kinachobaki. Akiba ya kwanza iwe ya dharura, itakayolipa chumba kwa mwezi mmoja endapo kazi itakatika.

Wala usiyakate matumizi yanayokuunganisha na watu. Maktaba za mtaa ni bure, na majumba makubwa ya taifa ya makumbusho hayana kiingilio kwa maonyesho yao ya kudumu. Kula pamoja na wenzako, kila mmoja akileta chungu chake, ni nafuu kwa wote na huondoa upweke. Na sadaka usiiache kwa kisingizio cha ugumu wa mji, maana palipo na gharama kubwa ndipo walipo na wenye shida wengi.

Kwa ufupi, kuishi kwa kiasi ni kuweka kila pauni mahali ilipostahili: mwili upate haki yake, mwenye nyumba haki yake, wazazi haki yao, maskini haki yake, na kesho nayo haki yake. Atakayeshika mpango huu hatatajirika kwa mwaka mmoja, lakini atalala bila deni, na atakapoulizwa alifanyia nini nauli ile iliyotokana na shamba lililouzwa, atakuwa na jibu. Mwenyezi Mungu atuwezeshe kuifuata njia ya kati. Amin.