Tani Moja ya Miwa Ina Nini Ndani Yake

Mkulima wa Kilombero, Tanzania, au wa Awendo, Kenya, akifikisha miwa kiwandani, lori hupandishwa kwenye mizani naye huandikiwa tani zake. Katika kila tani, kiwanda kinachofanya kazi vizuri hutoa takriban kilo 100 za sukari. Hizo 900 nyingine huenda wapi? Sehemu kubwa ni maji. Lakini humo mna pia makapi yapatayo kilo 300, ambayo nusu ya uzito wake ni unyevu, molasi kilo 30 hadi 40, na tope jeusi linalobaki kwenye vichujio. Kila anayelima miwa anapaswa kuzijua hesabu hizi, kwa kuwa vitu hivyo vyote vinauzika.

Tuanze na makapi, maana ndiyo mengi. Yakitoka kwenye vinu huingizwa kwenye tanuri la boila. Mvuke unaopatikana huzungusha mitambo ya umeme, kisha mvuke huohuo, ukiwa umepungua nguvu, huchemsha maji ya miwa hadi yawe sukari. Ndiyo sababu msimu wa kusaga kiwanda kinaweza kujiendesha bila kununua kuni wala makaa ya mawe, na chenye boila nzuri hubakiwa na umeme wa kuuza. Kiwanda cha sukari cha TPC, mjini Moshi, huzalisha umeme wake kwa makapi. Kile cha Mumias, magharibi mwa Kenya, kilianza mwaka 2009 kupeleka megawati 26 kwenye gridi ya taifa. Miwa ilipoadimika na madeni kuzidi, umeme huo ulikoma. Nishati ya miwa ni jadidifu maadamu mkulima anaona faida ya kupanda tena.

Molasi ni ule uji mzito mweusi unaobaki baada ya chembe za sukari kutengwa. Wafugaji wanaufahamu: ukizimuliwa kwa maji na kunyunyiziwa mabua makavu ya mahindi, ng'ombe hula hata kile alichokuwa anakisusa. Anza na kiasi kidogo, kwa kuwa ukizidi humharisha na unaweza kumdhuru zaidi ya hapo. Wapo wanaochanganya molasi na mbolea ya urea ili kuongeza protini. Hilo lisifanywe kwa kukisia. Urea ikizidi huua ng'ombe ndani ya saa chache, na ndama wadogo, nguruwe na punda wasipewe kabisa. Mwite ofisa mifugo akupimie.

Kazi kubwa zaidi ya molasi ni kutengeneza ethanoli. Tani moja ya molasi ikichachushwa na kukenekwa hutoa kama lita 250. Brazil ndiyo iliyokwenda mbali katika jambo hili. Bei ya mafuta ilipopaa mwaka 1973, nchi hiyo ilijikuta taabani, na mwaka 1975 ikaanzisha mpango wa taifa uitwao Proálcool. Kufikia 1979 gari la Fiat 147 lilikuwa likiuzwa likiwa na injini ya kutumia ethanoli peke yake, na tangu 2003 yako magari yanayokubali petroli, ethanoli, au mchanganyiko wowote wa hivyo viwili. Lita ya ethanoli ina nguvu pungufu kuliko lita ya petroli, hivyo dereva wa Brazil hupiga hesabu kituoni: ethanoli ikiuzwa chini ya asilimia 70 ya bei ya petroli, anaijaza. Karibu na kwetu, Malawi imekuwa ikichanganya ethanoli ya molasi kwenye petroli tangu 1982.

Kwa maoni yangu njia ya Malawi ndiyo inayotufaa. Kukamua muwa mzima uwe mafuta, katika nchi ambayo bado huagiza sukari kutoka nje, ni kunyang'anyana ardhi na chakula. Molasi imekwisha kutoa sukari yake. Haimnyimi mtu chai.

Ethanoli imeingia pia jikoni, na hapa naomba tahadhari ya dhati. Huwaka bila masizi, na hiyo ni nafuu kubwa kwa macho na mapafu ya wapishi waliozoea kuni na mkaa. Lakini mwali wake ni hafifu, mchana hauonekani vizuri, na wengi wameungua wakidhani jiko limezimika. Usiongeze mafuta jiko likiwaka au likiwa bado la moto. Subiri lipoe kabisa, jaza mbali na mshumaa, na funga chombo kabla ya kuwasha. Ethanoli ya kupikia, yaani spiriti, hutiwa kemikali ili isinyweke. Hairudi kuwa salama kwa kuchujwa wala kwa kuchanganywa na kitu kingine. Ikiwa na methanoli, hupofusha na kuua.

Turudi kwenye muwa wa kula. Glasi moja ya juisi ya miwa ina sukari gramu 30 au zaidi, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe kama gramu 50 kwa siku, juisi ikiwa ndani ya hesabu hiyo. Mwenye kisukari asidanganywe kwamba hii ni sukari ya asili isiyo na neno. Unaponunua barabarani, tazama kama miwa imeoshwa, mashine haina mabaki ya jana, na uliza barafu imetoka wapi. Inywe palepale, kwani haikawii kuchacha. Ndimu na tangawizi huongeza ladha, ila hazisafishi maji machafu. Muwa ulioota ukungu, au wenye wekundu ndani na harufu ya uchachu, utupe.

Kwa mkulima, sukari ya kwenye muwa huanza kupungua mara tu baada ya kukatwa, kwa hiyo usikate kabla ya kuwa na uhakika wa usafiri. Lenga miwa isagwe ndani ya siku moja au mbili. Palipo na nguvukazi ya kutosha, vuna bila kuchoma shamba. Vilele vibichi ni malisho, na majani makavu yakitandazwa hufunika udongo na kuhifadhi unyevu wa maotea, yaani miwa inayochipua tena baada ya kuvunwa. Tope la vichujio ni mbolea nzuri, nawe ukiwa karibu na kiwanda, liulizie.

Na mkataba unapoletwa kusainiwa, usome pamoja na wenzako wa ushirika. Angalia bei imepangwa kwa uzito tu au pia kwa kiwango cha utamu, nani anasimamia upimaji huo, na ni nani mwenye makapi na molasi. Nchini Mauritius wakulima hulipwa fedha za sukari, za molasi na za makapi pia. Muulizeni mnunuzi wenu kwa nini ninyi mlipwe za sukari peke yake.