Kusoma Alama Katika Picha: "Kristo wa Mtakatifu Yohane wa Msalaba"

Katika somo hili tunajifunza kusoma alama katika picha ya Salvador Dalí, mchoraji Mhispania wa surealisimu, mkondo wa sanaa unaochota taswira zake katika ndoto. Aliichora mwaka 1951, nayo ipo katika makumbusho ya Kelvingrove, Glasgow, Uskoti.

1. Tutazame kabla ya kufasiri

Tunamwona Kristo msalabani kutoka juu: utosi, mabega na mikono iliyonyoshwa. Uso hauonekani. Msalaba umening'inia gizani. Hakuna misumari, damu wala taji la miiba. Chini kabisa kuna maji tulivu, mashua na wavuvi.

2. Tuulize chanzo

Wazo la picha hii lilitokana na mchoro mdogo wa Mtakatifu Yohane wa Msalaba, Mkarmeli wa karne ya 16, unaohifadhiwa katika monasteri ya Umwilisho huko Ávila. Maji yale ni ghuba ya Port Lligat, alikoishi Dalí. Yeye mwenyewe alieleza kuwa taswira hiyo ilimjia pia katika ndoto. Mikono ya Kristo pamoja na mti wa msalaba hufanya pembetatu, na kichwa hufanya duara. Wengi huona katika pembetatu hiyo Utatu Mtakatifu.

3. Tupime kwa imani ya Kanisa

Hapa ndipo penye ugumu. Je, msalaba usio na damu haufichi mateso ya Bwana? Swali hili ni la haki. Mama aliyemzika mwanawe anahitaji kumwona Kristo mwenye madonda. Kama huu ungekuwa msalaba pekee tulio nao, tungepungukiwa sana.

Lakini hakuna picha moja inayobeba fumbo zima. Mwinjili Yohane anatufundisha kuuona msalaba pia kama kuinuliwa kwake Kristo, anayewavuta watu wote kwake (taz. Yn 12:32). Tena, kutazama kutoka juu kunatuweka kana kwamba upande wa Baba, aliyemtoa Mwanawe wa pekee kwa ajili ya ulimwengu (taz. Yn 3:16). Na kichwa cha Kristo kimeinama kuelekea wapi? Kuelekea kwa wavuvi walio kazini. Sadaka yake inafunika siku ya kawaida ya mtu wa kawaida.

Basi, alama si kitendawili chenye jibu moja, wala si kapu la kutia lolote tulitakalo. Tunaanza na kinachoonekana, tunauliza kilikotoka, kisha tunakipima kwa Maandiko na mapokeo ya Kanisa.

Maswali ya kutafakari

1. Msalaba ulio katika parokia yetu unaonyesha nini, na unaacha nini?
2. Leo tunahitaji zaidi kuyaona madonda ya Kristo au utukufu wake? Kwa nini?